Siku Tuliyokwenda Bamburi

Nataka kukueleza habari za siku moja. Ilikuwa siku ya matembezi. Tulikwenda kutazama bustani, tukala chakula chini ya miti, tukarudi nyumbani. Lakini jambo tuliloliona huko limebadili shamba la mtu mmoja. Na mimi limenifunza kazi yangu upya. Ndiyo maana naliandika hapa. Lisome polepole. Ukichoka, pumzika, kisha uendelee.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti cha kazi hiyo. Nazungukia madarasa ya vijijini katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Darasa nitakalokueleza hukutana chini ya mwembe, mara tatu kwa wiki. Huanza saa tisa alasiri, kazi za shamba zikiisha.

Mwaka 2022 darasa hilo lilikuwa na wanafunzi 22. Mwanzoni walikuwa 31. Tisa walikuwa wameacha. Wengine walisema kazi ni nyingi. Wengine walisema mvua zimekosekana, njaa iko nyumbani, na herufi haziliwi. Sikuwa na jibu zuri la kuwapa. Nilirudi nyumbani jioni nikijiuliza, "Je, mwaka ujao nitabaki na wangapi?"

Siku moja mama mmoja alisimama darasani. Akasema, "Mwalimu, watoto wa shule huenda matembezi. Sisi tumekosa nini?"

Watu walicheka. Lakini hawakuacha jambo hilo. Tulizungumza siku hiyo na siku iliyofuata. Mwisho tulikubaliana kwenda.

Fedha zilipatikanaje?

Tuliamua kila mtu atoe shilingi 50 kwa wiki, kwa muda wa wiki 14. Hesabu tuliifanya ubaoni. Watu 22 mara shilingi 50 ni shilingi 1,100. Shilingi 1,100 mara wiki 14 ni shilingi 15,400. Hiyo ndiyo siku ambayo darasa zima lilielewa hesabu ya kuzidisha. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimewafundisha kwa vijiti na mawe, na wengi hawakushika.

Aliyekosa fedha alileta mayai au makuti, tukayauza. Mama mmoja alichaguliwa awe mtunza hazina. Kila wiki aliandika daftarini jina la mtu na kiasi alichotoa. Kisha alilisoma daftari mbele ya watu wote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ilikuwa na daftari, na haikupotea hata shilingi moja.

Tulichagua kwenda Haller Park, mahali palipo Bamburi, kaskazini ya mji wa Mombasa. Vijana wawili wa darasa walitaka kuona twiga. Akina mama walitaka kuona mamba. Mimi nilitaka wapumzike tu. Sikujua kwamba mzee mmoja alikuwa na haja kubwa kuliko zetu sote.

Mzee wa kiti cha nyuma

Katika darasa letu alikuwako mzee mwenye umri wa miaka zaidi ya 60. Alikuja kila siku. Hakukosa hata siku ya mvua. Lakini aliketi nyuma na hakusema neno. Nilipomuuliza swali alijibu kwa ufupi, kisha akainamisha kichwa. Nilidhani ana haya kwa sababu ya umri wake. Sikumuuliza zaidi. Hilo lilikuwa kosa langu.

Tuliondoka kijijini Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulikodi matatu moja. Akina mama walibeba mahamri na mbaazi, chupa za chai, na sufuria kubwa ya wali wa nazi. Tuliingia barabara kuu ya Malindi na Mombasa. Tulipita mashamba ya katani ya Vipingo. Tulipita Kikambala, kisha tukavuka daraja la Mtwapa.

Ungewasikia watu wetu njiani, ungefurahi. Kila kibao walikisoma kwa sauti. "Duka la dawa!" "Hapa panauzwa samaki!" "Mtwapa!" Dereva alicheka akasema, "Wazee, leo mnanisomea barabara yote."

Mzee wetu alikaa dirishani. Midomo yake ilicheza kidogo kila tulipopita kibao, lakini sauti haikutoka.

Tulipofika langoni, tulipewa kitabu cha wageni. Nilitaka kuandika kwa niaba ya kundi zima, ili tusichelewe. Mzee akanigusa bega.

"Mwalimu," akasema, "niache niandike mimi."

Nikampa kalamu. Lakini hakuandika. Alikitazama kitabu kwa muda. Maneno ya juu yalikuwa ya Kiingereza. Akauliza, "Hapa pamesemaje?"

Nikamwambia, "Hapo ni tarehe."

"Na hapa?"

"Ni jina."

"Na hapa?"

"Ni mahali tunakotoka. Na pale mwisho ni idadi ya watu."

"Hakuna neno jingine lolote?"

"Hakuna, Mzee."

"Una hakika, mwanangu?"

Watu waliokuwa nyuma yetu walianza kunung'unika. Kijana mmoja alisema, "Ni kitabu cha wageni tu, Mzee. Tia sahihi twende." Mzee hakugeuka. Aliandika jina lake herufi kwa herufi. Mkono ulitetemeka. Alipomaliza alilisoma tena, akanirudishia kalamu. Niliona macho yake yamelowa. Sikujua kwa nini.

Mmesimama ndani ya shimo

Ndani kulikuwa na kivuli kizuri. Miti ilikuwa mirefu na ndege waliimba. Tumbili waliruka juu ya matawi. Mtembeza wageni, kijana mpole, alitukaribisha. Kisha akatuuliza, "Mnaona nini hapa?"

Tukajibu, "Tunaona msitu."

Akasema, "Mmesimama ndani ya shimo."

Tulitazamana. Akatuonyesha pembeni. Kweli, nyuma ya miti palikuwa na ukuta wa mwamba mweupe. Ulikuwa umekatwa wima, kama ukuta wa kisima. Sisi tulikuwa chini, na ardhi ya zamani ilikuwa juu yetu.

Ndugu msomaji, sikiliza kisa cha shimo hilo, maana ni kisa cha kweli.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1954 kilianza kutoa saruji. Saruji hutengenezwa kwa mawe ya chokaa. Pwani yetu ina mawe hayo mengi, maana chini ya udongo wetu kuna matumbawe ya kale. Matumbawe hayo yaliota baharini zamani sana, wakati maji ya bahari yalipokuwa juu kuliko leo. Basi mawe yalichimbwa mwaka baada ya mwaka. Udongo wa juu uliondolewa. Miti iliondolewa. Palibaki uwanja mkubwa wa mwamba mweupe. Jua liliuchoma. Maji ya chini yalikuwa na chumvi. Hapakuota hata jani moja.

Mwaka 1971 mtu mmoja alianza kazi ya kuliponya jeraha hilo. Jina lake ni René Haller. Alikuwa mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, naye alifanya kazi katika kiwanda hicho. Alijaribu kupanda miti ya aina 26 juu ya mwamba ule. Aina 23 zilishindwa. Aina tatu tu ndizo zilizostahimili. Mmoja ulikuwa mnazi, mti tunaoujua sote. Mwingine ulikuwa mvinje.

Mvinje pia tunaujua. Ni ule mti mrefu wa ufukweni, wenye majani membamba kama nyuzi, unaovuma upepo ukipita. Mtembeza wageni alitueleza siri yake. Mizizi ya mvinje ina vinundu vidogo. Ndani ya vinundu hivyo huishi viumbe wadogo mno, wasioonekana kwa macho. Viumbe hao huchukua chakula cha mimea kutoka katika hewa na kuupa mti. Kwa hiyo mvinje huweza kuishi mahali pasipo na samadi. Tena hauogopi chumvi.

Mivinje ikakua. Majani yake yakaanguka. Lakini likazuka tatizo jipya. Majani hayakuoza. Yalirundikana tu, makavu, juu ya mwamba. Majani ya mvinje yana dawa kali kama ile iliyo katika magome ya mkoko, ambayo wazee wetu waliitumia kulainishia ngozi. Dawa hiyo huzuia kuoza. Na majani yasipooza, udongo haupatikani.

"Sasa," akasema yule kijana, "nani anaweza kuniambia ni mdudu gani aliyemaliza tatizo hilo?"

Tulinyamaza. Mimi mwenye cheti sikujua.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa sauti ya yule mzee.

"Jongoo," akasema.

Kijana alishangaa. "Umejuaje, Mzee?"

"Mimi ni mkulima. Jongoo hula majani makavu. Chini ya mikorosho, mvua zikianza, utawaona wengi. Na walipo jongoo, udongo ni mweusi."

Kijana akampa mkono. "Ni kweli kabisa," akasema. Haller alimwona jongoo mwenye miguu myekundu akila majani ya mvinje. Akaagiza waokotwe mamia, wakaletwa katika shimo. Wakala majani yale makavu. Mavi yao yakawa udongo. Udongo ulikuwa mdogo sana kwa mwaka mmoja, lakini kila mwaka uliongezeka. Ulipotosha, miti mingine ikapandwa. Nyasi zikaota. Wadudu wakaja, na ndege wakafuata. Yalichimbwa mabwawa, wakafugwa samaki. Wanyama wakaletwa. Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa wageni. Baadaye pakaitwa kwa jina la Haller.

Nilitoa daftari langu nikaandika neno JONGOO kwa herufi kubwa. Nikalionyesha kundi. Wote wakalisoma pamoja. Msomaji, mimi nilikuwa na desturi ya kumkanyaga jongoo nikimkuta njiani. Tangu siku hiyo namruka.

Kiboko na kobe

Tuliendelea kutembea. Tuliona mamba wamelala na vinywa wazi. Tuliona viboko majini, masikio tu yakiwa juu. Tuliona twiga, tukapewa chakula cha kuwalisha kwa mkono. Ulimi wa twiga ni mrefu na mweusi. Mama mtunza hazina alipiga ukelele akatupa chakula chini, tukacheka hadi machozi.

Tuliona pia makobe wakubwa sana. Hapo tulisimuliwa kisa kingine. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko kubwa la ardhi lilitokea chini ya bahari, karibu na Indonesia. Lilileta mawimbi ya tsunami yaliyoua watu wengi katika nchi nyingi. Yalifika hata pwani yetu. Karibu na Malindi alionekana mtoto wa kiboko amebaki peke yake baharini, hana mama. Watu walishirikiana kumkamata kwa nyavu, wakamleta Haller Park. Akapewa jina la Owen. Alipofunguliwa alikimbilia kwa kobe mmoja mkubwa mwenye umri wa miaka zaidi ya 100. Akajificha nyuma yake, kama mtoto nyuma ya mama. Mwanzoni kobe alimkimbia. Baadaye walizoeana, wakala pamoja na kulala pamoja. Habari zao zilienea duniani kote.

"Na kobe huyo aliitwa nani?" akauliza mama mmoja.

"Aliitwa Mzee," akajibu kijana.

Watu wote walimgeukia mzee wetu, wakaangua kicheko. Naye akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu ajiunge na darasa.

Kidole gumba

Adhuhuri tulipata mahali pa kupumzika, tukatandika leso na kula. Baada ya chakula mzee aliomba kusema.

"Ndugu zangu," akaanza, "nyinyi mnalijua shimo lililo katika shamba langu. Mnajua lilichimbwa na watu wa mawe ya kujengea. Lakini hamjui lilichimbwaje."

Watu wakanyamaza.

"Mwaka 2009 alikuja mtu na gari zuri. Akaniambia anataka kuchimba mawe katika ekari moja, kwa mwaka mmoja. Atanipa shilingi 30,000. Wakati huo mke wangu alikuwa mgonjwa, na mimi nilihitaji fedha. Akatoa karatasi mbili za Kiingereza. Nikamwuliza, 'Zinasemaje?' Akasema, 'Zinasema hivyo hivyo tulivyozungumza.' Akanipa wino. Nikatia kidole gumba."

Alikiinua kidole chake, tukakiona.

"Mwaka ulipokwisha niliwaambia watoke. Wakanionyesha karatasi. Ilisema miaka kumi. Nilitafuta mtu wa kunisomea, naye akasema kweli ni miaka kumi, na kidole ni changu. Walikata mikorosho yangu. Walikata mwembe alioupanda mama yangu. Mwaka 2017 walifikia maji, wakaondoka. Waliniachia timbo lenye kina cha futi 15. Hakuna kinachoota. Mvua ikinyesha linajaa maji, na mimi silali usingizi kwa kuwafikiria wajukuu wangu, wasije wakatumbukia. Mke wangu alifariki, na fedha ziliisha zamani."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuja darasani kwa sababu ya kidole hiki. Niliapa sitakitia tena katika karatasi. Leo langoni nimeandika jina langu kwa mkono wangu, na kwanza nimeuliza kila neno. Mwalimu, unisamehe kwa kuwachelewesha."

Sikuweza kujibu. Mama mtunza hazina ndiye aliyejibu. Akasema, "Mzee, sisi ndio wa kuomba msamaha."

Kisha mzee akamgeukia yule kijana mtembeza wageni. Akauliza swali moja tu. "Mbegu za mvinje hupatikana wakati gani?"

Kazi iliyofuata

Jumatatu sikufungua kitabu cha masomo. Nilimwomba mzee aje mbele. Tuliandika ubaoni maneno manne: TIMBO, MVINJE, JONGOO, MKATABA. Wiki nzima tulisoma maneno hayo na kuyatungia sentensi. Habari zilienea kijijini. Watu wanne walioacha darasa walirudi. Tukawa 26.

Mwezi wa Oktoba tulikwenda ufukweni kuokota vitunda vya mvinje. Ni vidogo na vigumu. Tulivianika juu ya karatasi, vikapasuka, mbegu zikatoka. Tulizipanda katika makopo yaliyotobolewa chini. Masika ya mwaka 2023, mwezi wa Mei, tulishuka katika timbo la mzee na kupanda miche 40. Kila mche tulichimbia shimo mwambani kwa mtaimbo, tukatia ndoo ya udongo na samadi. Mzee aliandika daftarini tarehe na idadi.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Mbuzi waliingia wakala miche tisa. Mwezi wa Novemba 2023 ilikuja mvua kubwa ya El Niño. Maji yalijaa upande mmoja wa timbo, miche minane ikafa kwa kuzama. Sita ilikauka wakati wa jua kali uliofuata. Mwezi wa Machi 2024 mzee alihesabu, akaandika, "Imekufa 23. Imebaki 17." Nilipoliona daftari niliogopa atakata tamaa.

Nilimwuliza, "Sasa tufanyeje, Mzee?"

Akanijibu, "Yule bwana alijaribu miti ya aina 26, ikafa 23. Mimi nimepanda miche 40, imekufa 23. Hasara yetu ni moja, lakini waliobaki kwangu ni wengi zaidi."

Akazungusha ua wa miiba, akapanda tena. Mpaka leo timbo halijawa bustani, na wajukuu wake hawataona msitu kesho wala keshokutwa. Lakini chini ya mivinje iliyo mikubwa kuna tandiko la majani makavu, na ua ule wa miiba huwazuia watoto wasikaribie ukingo.

Mwaka huo huo wa 2024 mtu mwingine alifika kijijini. Alitaka shamba la mjane aliye jirani ya mzee, ili achimbe mawe. Mjane akamwendea mzee. Mzee akamwambia, "Mwambie alete karatasi ya Kiswahili." Mtu yule alikasirika, lakini baada ya wiki aliileta. Mzee aliisoma polepole, tangu adhuhuri hadi alasiri, kidole chake kikifuata mistari. Kisha akauliza mambo matatu. Kwa nini idadi ya miaka haikuandikwa? Nani atafukia shimo? Na je, uchunguzi wa mazingira umefanywa? Maana sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inataka athari za machimbo zichunguzwe kabla ya kuanza kuchimba.

Mtu yule alisema atakwenda kuuliza, atarudi. Mpaka naandika maneno haya hajarudi. Mjane amepanda mihogo.

Nawe, ndugu msomaji

Kama umesoma mpaka hapa, basi unaweza kusoma mkataba. Usione haya kusoma taratibu mbele ya mtu mwenye haraka. Mwombe karatasi ya lugha unayoijua. Usipoelewa neno, uliza. Angalia idadi ya fedha, idadi ya miaka, na kazi ya kila upande. Baki na nakala yako. Kama mtu hataki uende nayo nyumbani ukaisome, usitie sahihi.

Na kama kijijini kwenu kuna timbo lililoachwa, lizungushieni ua kwanza ili watoto wasalimike. Kisha jaribuni miti michache ya aina mbalimbali, mwone ipi inashika. Andikeni mlichopanda na tarehe mliyopanda. Na mkimwona jongoo, mwacheni apite.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mzee alichelewa kuandika jina lake langoni?

2. Jongoo alifanya kazi gani katika shimo la Bamburi?

3. Piga hesabu: watu 26 wakitoa shilingi 50 kila wiki kwa wiki 10, watapata shilingi ngapi?

4. Katika kijiji chenu, je, kuna ardhi iliyoharibika? Iliharibikaje? Mnaweza kuanza na nini?

5. Andika mambo matatu ambayo ungeuliza kabla ya kukodisha shamba lako.